Mbwa Anayevuta Kamba Analipwa na Nani?

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Afisa Mifugo wa Kata, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mlioshika kamba huko nyuma, ambao nawaona mnavutwa hata sasa ninapozungumza: wazee shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Tumekutana leo, tarehe 28 Septemba, kwa ajili ya chanjo. Hii ndiyo tarehe aliyofariki mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, mwaka 1895, miaka 10 baada ya chanjo yake kumwokoa mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na ndiyo sababu dunia imeichagua kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa. Ya chanjo atayasema Bwana Afisa Mifugo, maana yeye ndiye mwenye sindano. Mimi nimeombwa nizungumzie safari ya kutoka nyumbani kwenu hadi kwenye uwanja huu, na msidhani kwamba hilo ni jambo dogo. Tangu saa moja nimesimama pale langoni nikiwatazama mkiingia. Mama mmoja amefika na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kijana mmoja, naye anajijua, hakumleta mbwa, bali ameletwa na mbwa. Na wapo waliofika peke yao, mikono mitupu, wakaniambia kwamba mbwa wao hafungiki kamba, na wakijaribu kutoka naye atawaangusha barabarani. Wataalamu wanatuambia kwamba ili kichaa kikatike katika eneo fulani, mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wanapaswa kuwa wamechanjwa. Mbwa asiyeweza kutembea na mwenyewe kwa amani hadi uwanjani hahesabiwi katika hao 70, hata kama chanjo ingetolewa bure kila mwezi. Kwa hiyo ninachokisema leo kinahusu kamba, lakini kinahusu sindano pia.

Neno langu ni moja. Mbwa havuti kamba kwa ukaidi, wala kwa kutaka kuwa bwana juu yako kama wengine wanavyosema. Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunamlipa, na mara nyingi mlipaji ni wewe mwenyewe.

Niwaeleze nilivyolijua hilo, maana sikulijua kwa kusoma. Mbwa wa kwanza niliyejitahidi kumfundisha nilimrithi kwa jirani aliyehamia Dodoma. Jirani huyo alikuwa amempa jina la Hayawahusu, kwa desturi ya baadhi yetu ya kuwapelekea watu wa mtaa salamu kupitia majina ya mbwa, na kwa kuwa jina hilo ni refu kuliita huku unakimbia, watoto walilikata likabaki Haya. Sasa fikirini wenyewe. Sisi tunasema haya tunapoanza kula, tunasema haya tunapokubaliana bei sokoni, tunasema haya tunapoagana na mgeni, na hata mtu akiwa hana la kusema husema haya. Mbwa yule alikuwa akisikia jina lake pengine mara 200 kwa siku, na katika mara hizo zote hakuna aliyekuwa akimwita. Alijifunza kwamba jina lake ni kelele tu kama kelele za redio. Tena lilikuwa baya zaidi ya kelele, kwa sababu kila tulipofungua geti tulisema haya, naye akajua kwamba hiyo ndiyo ruhusa ya kufyatuka. Nilimpa jina jipya, Sururu, kutokana na mashimo aliyonichimbia kwenye tuta la mchicha, lakini jina peke yake halikubadilisha tabia.

Ijumaa moja nilitoka naye mchana, saa isiyofaa kabisa kumtembeza mbwa katika joto letu, lakini wakati huo sikujua. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa na tope. Kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi mara mbili, nikidhani kwamba huko ndiko kumshika vizuri. Mzee wetu mmoja alikuwa akielekea msikitini, amevaa kanzu nyeupe ambayo pasi ilikuwa imeinyoosha hata mikunjo ya mikono ikasimama. Sururu alimpenda mzee yule ghafla, kama alivyompenda kila mtu. Aliruka, kamba ikanibana kifundo cha mkono, nikateleza goti moja likaingia mtaroni, na nilipoinua uso mbwa alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, viganja viwili vya tope vimepigwa muhuri kwenye kifua cha ile kanzu, na ulimi wake uko juu ya mkono wa mzee. Mzee hakupiga kelele. Alinitazama, akatazama kanzu, akauliza, "Sasa mimi nitaswali na nini?" Kisha akageuka kurudi kwake. Wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ni wengi miongoni mwa Waislamu wa nchi yetu, wanajua kwamba palipoguswa na ute wa mbwa huoshwa mara 7, na moja kati ya hizo huwa ni kwa udongo. Lile halikuwa jambo la kufuta kwa kitambaa na kusema samahani.

Jioni nilikwenda kuomba radhi. Alinikaribisha barazani, akanipa kahawa, akaninyamazia kidogo, kisha akaniuliza mbwa yule anakula wapi. Nikamjibu kwamba anakula kwangu. Akasema, "Basi mbona barabarani hakujui?"

Swali hilo lilinikaa kifuani wiki nzima, na nilipolifuatilia niliona kwamba jibu lake lipo kwenye sufuria. Mbwa wangu alikuwa akipewa ugali na dagaa kila jioni bila kufanya lolote, na nje ya geti sikuwa nimewahi kumpa kitu chochote isipokuwa kumvuta kamba. Kule nje waliomlipa walikuwa wengine. Ukuta ulimlipa harufu ya mbwa waliopita usiku, jalala likamlipa kichwa cha samaki, na watoto wakamlipa kwa kupiga kelele na kukimbia, jambo ambalo mbwa huliona kuwa ndio mchezo wenyewe. Na ili afike kwenye malipo hayo ilimbidi afanye kitu kimoja tu, avute, nami nikimfuata. Kila hatua tatu nilizokokotwa kuelekea ukutani zilikuwa ujira nilioutoa kwa mkono wangu. Mwaka 1898 Mmarekani mmoja, Edward Thorndike, aliandika juu ya paka aliokuwa akiwafungia kwenye visanduku vyenye kitasa cha siri, akaonyesha kwamba mnyama hurudia kile kilichomletea faida na huacha polepole kile kisichomletea. Sina zaidi la kuongeza juu ya elimu hiyo isipokuwa hili: mbwa anayevuta mara 10 akafanikiwa mara 1 havunjiki moyo. Yeye ni kama mtu anayecheza bahati nasibu, ambaye ushindi mmoja wa mwezi uliopita unamfanya anunue tiketi mwaka mzima. Kwa hiyo mwenye mbwa anayesema, "Huwa simruhusu kuvuta, ila siku nikiwa na haraka tu," anamfundisha mbwa wake kuvuta kwa subira.

Kuna jambo jingine la mazingira yetu ambalo vitabu vya wageni havilisemi, kwa kuwa wao hulala na mbwa sebuleni. Sisi tulio wengi tunamfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde. Dunia ya nje anaijua kwa sauti tu, kupitia matundu ya geti: pikipiki inapita, mbuzi wanalia, wanafunzi wanarudi. Halafu siku moja, mara moja kwa mwezi, au siku ya chanjo kama leo, kamba inatolewa na dunia yote inammwagikia kwa mara moja. Tunashangaa kwa nini ana wazimu! Hata mimi ningefungiwa kwenye chumba cha hatua nne kwa mwezi mzima, siku ya kufunguliwa nisingetembea kwa adabu. Wenye watoto wa mbwa wanayo nafasi nzuri kuliko sisi wengine, kwa sababu mtoto wa mbwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 huyapokea mambo mapya bila hofu kubwa na huyakumbuka ukubwani. Kama hajakamilisha chanjo msimweke chini mahali wapitapo mbwa wengine. Mbebeni mikononi, mkae naye dakika chache karibu na barabara, aone bodaboda, aone kanzu, aone mwavuli na mtu wa magongo, kisha mrudi.

Sasa nije kwenye kufundisha. Hapa Morogoro hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta walimu, maana tunao panya. Tangu mwaka 2000, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti za mabomu ya ardhini na, baadaye, vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa nchini, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 shirika la Uingereza linaloitwa PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Panya yule hakufundishwa kwa fimbo, kwa sababu panya aliyepigwa hujificha, na panya aliyejificha hatafuti bomu. Hufundishwa kwanza kwamba mlio mdogo, "ka!", maana yake ni ndizi. Anausikia mlio, anapewa ndizi; anausikia tena, anapewa tena, hadi mlio wenyewe unakuwa kama ahadi isiyovunjwa. Baada ya hapo mwalimu husubiri. Panya akipita penye harufu inayotakiwa na kuweka pua hapo kwa kitambo kidogo, "ka!", ndizi. Akipita penye harufu nyingine, kimya. Hivyo hivyo kwa muda wa miezi 9 hivi, mpaka mnyama ambaye sisi tunamtegea mtego shambani anakuwa mtumishi wa umma.

Ninachotaka mkichukue kwa panya wale ni ule mlio. Mbwa anaishi katika sekunde aliyomo. Ukichelewa kumpa firigisi yake kwa muda wa kutafuta mfukoni, atadhani analipwa kwa kukutazama mfuko, wala si kwa kutembea kando yako. Mlio unaiweka alama ile sekunde sahihi, kisha chakula kinaweza kufuata kwa utulivu. Mimi nilianza kwa kupiga ulimi, lakini niliacha haraka, kwa sababu shangazi mmoja aliyekuwa akipita alidhani namsonya, na ilinichukua muda kulisafisha jina langu. Chagueni neno fupi ambalo hamlitumii ovyo. Mimi natumia "naam". Ndiyo haifai kwa kuwa tunaisema kutwa, na haya, basi tena, mnajua historia yake.

Wiki ya kwanza msitoke nje ya geti kabisa. Chemsheni firigisi au maini bila chumvi wala kitunguu, mkate vipande vyenye ukubwa wa punje ya hindi, mvitie kwenye kimfuko. Mwiteni jina mara moja. Akigeuza uso, "naam", mpeni. Anzeni kutembea naye uani, na kila anapokuwa sambamba na goti lenu la kushoto, "naam", kipande kinatolewa palepale kwenye mshono wa suruali au pindo la kanga, si mbele, ili ajifunze kwamba riziki inashuka mahali hapo. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Kiasi hicho cha chakula mpunguzeni kwenye ugali wa jioni, la sivyo mtafuga pipa.

Jambo la pili ni kamba yenyewe, na hapa nitakawia kidogo kwa kuwa wengi wanapita juu juu. Mbwa mchangamfu hachangamki akifika barabarani. Anachangamka kamba inapotoka msumarini. Kufikia getini tayari anahema, masikio yako mbele, na hasikii hata jina lake. Mnaanza safari mkiwa mmekwisha kushindwa. Sururu alikuwa akisikia mlio wa kile kidoana cha kamba akiwa nyuma ya nyumba, anazunguka mara tatu na kugonga ndoo. Dawa yake ilinifanya nionekane mtu asiye na akili timamu, lakini ilifanya kazi: nilikuwa naichukua kamba, natembea nayo hadi jikoni, naitundika tena, na kwenda zangu kukaa. Mara 15 kwa siku. Siku ya nne alinyanyua kichwa tu. Siku ya saba alinitazama kama mtu anayeulizwa bei na mteja asiyenunua. Hapo ndipo nilipoanza kumfunga. Akitulia naifunga, akiruka naishusha na kusimama. Getini ikawa vilevile, mkono wangu unafungua komeo, akisukuma pua komeo linarudi. Akikaa, komeo linafunguka. Siku ya kwanza ya zoezi la geti tulitumia dakika 20 na hatukutoka. Mke wangu aliniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Mkishatoka, kanuni ni kwamba kamba iliyokaza haifiki popote. Akivuta, simama kama mwembe. Usimvute nyuma, maana mbwa anayevutwa nyuma hujibu kwa kusukuma mbele, na usimkaripie. Subiri. Kutakuwa na kitambo atakacholegeza kamba, hata kwa kugeuza kichwa tu aone kwa nini umeganda, "naam", tembeeni. Na si lazima malipo yawe ya firigisi kila mara. Kama alitaka kunusa ule ukuta, mwacheni atembee kwa utulivu hatua tatu kisha mwambieni "nenda" na mumpeleke anuse mpaka aridhike. Kunusa ndiko kusoma gazeti kwake. Mtu anayemtembeza mbwa nusu saa bila kumwacha anuse amemchosha miguu na kumwacha na njaa ya kichwa. Safari ya kwanza inaweza kuwa ya kutoka geti moja hadi la jirani na kurudi, na hiyo ni safari.

Kisha kuna umbali. Hili ndilo lililonipa taabu kuliko yote. Karibu na kwangu kipo kijiwe cha bodaboda, na Sururu alikuwa na ugomvi wa furaha na pikipiki zote. Nilijaribu kupita naye hapo kando ya goti langu na firigisi mkononi, akaitema. Mbwa mwenye tamaa ya chakula anapokitema kipande cha ini, anakuambia kwamba umemleta karibu mno na kwamba kichwa chake hakina nafasi tena. Basi nikarudi nyuma hatua 40, hadi chini ya mkorosho ambako pikipiki zinaonekana na kusikika lakini si tishio. Hapo alikula. Kila pikipiki ilipowashwa, alipoitazama nikasema "naam", akanigeukia, akala. Baada ya siku kadhaa alianza mwenyewe kuitazama pikipiki na kunigeukia kabla sijasema neno, kana kwamba anasema imelia ile, leta changu. Hapo tukasogea hatua 5. Ilichukua karibu wiki 6 kupita mbele ya kijiwe, na ingechukua 4 kama vijana wa pale wasingekuwa wanamwita kwa jina la zamani kila tulipokaribia. "Haya!" mmoja anapiga kelele, na mbwa anafyatuka, na sisi tunarudi mkoroshoni. Sikuwalaumu sana, maana walikuwa wananipima mimi. Siku moja iliyoharibika namna hiyo iacheni ipite, na kesho yake msitoke. Mchezeeni uani, kwa sababu mwili wa mbwa uliopandwa na mori hauishiwi nao mara tu anaporudi nyumbani.

Juu ya vifaa nitasema machache. Kamba iwe na urefu wa kama mita 2, ishikwe kiganjani na isizungushwe kifundoni, msije mkafika mtaroni kama mimi. Mnyororo wa kukaba shingo uacheni, kwa sababu unaumiza koo na mbwa anayevuta kwa furaha huendelea kuvuta huku anakohoa. Ukanda wa kifuani ni bora, ila tazameni pete yake iko wapi. Pete ikiwa mgongoni, mmemvalisha nira. Ndivyo wanavyofungwa mbwa wa Alaska wanaokokota mizigo juu ya theluji, na mbwa wenu naye atakokota kwa raha zake. Pete ikiwa kifuani, anapovuta anajikuta amegeuka kuwatazama. Wangu nilishonewa na fundi viatu kwa mkanda wa turubai. Nendeni saa 12 asubuhi au jioni jua likishapoa, na kama lami ina shaka wekeni nyuma ya kiganja chenu juu yake. Msipoweza kuvumilia, naye hawezi.

Najua lipo swali ambalo baadhi ya kina baba wanalo na wanaona haya kuliuliza: mbwa wangu ni wa ulinzi, nikimfundisha upole nani atalinda? Mbwa anayerukia kila kitu halindi, anapiga kelele tu, na mlinzi anayepiga kelele usiku kucha haamshi mtu. Aliyejifunza kukutazama wewe kwanza kabla ya kutenda ndiye utakayemtuma na ndiye utakayemzuia, kwa sababu usiku wa mwizi ni usiku uleule ambao jirani anaweza kuja kugonga kuomba msaada wa mgonjwa.

Na lipo la fimbo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, lakini hata kama isingekuwapo, hesabu ya fimbo haitimii. Mtoto anapita, mbwa anamrukia kwa furaha, mwenyewe anamchapa. Binadamu anadhani mbwa amejifunza asiruke. Mbwa alikuwa anatazama wapi? Alikuwa anamtazama mtoto. Kwa hiyo alichojifunza ni kwamba mtoto akitokea mgongo unauma, na akichapwa hivyo mara nyingi, ile furaha inageuka, siku moja mtoto anapita na mbwa anamwahi kabla fimbo haijamwahi yeye. Nimeona mbwa wa namna hiyo, na wenyewe walikuwa wakiapa kwamba walimlea kwa nidhamu. Kama mbwa wenu tayari hachangamki bali anaogopa, mkia umebanwa katikati ya mapaja, mwili umekakamaa, anageuza kichwa huku macho yanaonyesha weupe, hayo si mambo ya firigisi za wiki moja. Ongezeni umbali, na mwoneni mtaalamu wa mifugo. Na mbwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, akawa anashambulia bila sababu, anadondosha mate na kushindwa kumeza, msijaribu kumfundisha chochote. Msimguse, na mtoe taarifa siku hiyohiyo. Aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Watoto ndio waangalieni zaidi, maana katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 4 wana umri wa chini ya miaka 15, na mtoto mara nyingi hausemi mparuzo mdogo.

Jambo la mwisho linawahusu wasio na mbwa. Si kila mtu anataka kusalimiwa na mbwa wako, na kauli ya "hang'ati huyu" haimsaidii mtu anayetaka tu kupita na udhu wake. Mkiona mtu anasita, nyie ndio wa kutoka njiani. Mimi hukanyaga kamba chini, nikimwachia mbwa nafasi ya kusimama lakini si ya kuruka, namwaga vipande vitatu vinne majanini, naye anatafuta kwa pua huku mtu anapita. Yule mzee bado anapita kwangu kila Ijumaa. Sururu anapoiona kanzu sasa anakwenda mwenyewe ukingoni mwa njia na kuinamisha pua, akitafuta firigisi hata kabla sijaimwaga, na mzee huvuka upande wa pili vilevile kama zamani, bila kusimama, akiinua bakora yake kidogo kunisalimia.

Bwana Afisa Mifugo ananionyesha saa. Chanjo inaanza sasa hivi. Wenye mbwa watulivu wapange foleni hapa mbele. Wenye mbwa wanaovuta msisogee bado: nendeni chini ya ule mwembe wa mbali, mwachane hatua 10 kila mmoja, na kijana wangu atawapitia na bakuli la maini. Mtaitwa mmoja mmoja, kwa jina la mbwa. Na yule mwenye mbwa aitwaye Haya, kama yupo mwingine katika mtaa huu, tafadhali aje aniambie mapema.